Kuwapo Darasani: Historia ya Mwanafunzi wa Kasese na Bwera



Wiki iliyopita, tulipokuwa tukijadili haki za mtoto, mmoja wenu aliuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Aliuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba mwanafunzi mwenye furaha hupata alama nzuri?" Nilisema upesi kwamba ni kweli, kengele ikalia, tukaachana. Nilipofika nyumbani niliona kwamba nimelipa swali zito jibu jepesi. Insha hii ni jibu langu la pili. Nimelitafuta katika tafiti za wanasaikolojia wa elimu, na zaidi katika historia ya mahali petu hapa, kuanzia mji wa Kasese hadi Bwera mpakani, kwa sababu watu wa huku walikuwa wakiliuliza swali hilo kabla wanazuoni hawajalipa jina.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, kama ilivyo desturi yetu. Neno "ushiriki" linatokana na kitenzi "kushiriki", yaani kuwa na sehemu yako katika jambo. Anayeshiriki karamu hasimami mlangoni akiwatazama wenzake wakila. Neno "ustawi" linatokana na "kustawi". Mkulima wa milimani husema kahawa yake imestawi, na akisema hivyo anasifu pia udongo, mvua na kivuli cha migomba. "Ufaulu" ni hali ya kufaulu, kufikia ulichokusudia, ingawa shuleni tumelibana neno hilo hadi likawa na maana ya alama za mtihani peke yake.

Mwaka 2004 watafiti watatu wa Marekani, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, walichapisha makala iliyokusanya tafiti nyingi kuhusu ushiriki wa mwanafunzi. Walieleza kwamba ushiriki una pande tatu. Upande wa kwanza ni wa tabia: kuhudhuria, kuandika, kufanya kazi uliyopewa. Wa pili ni wa hisia: kujiona kwamba shule ni yako nawe ni wake, au kujiona mgeni ndani yake. Wa tatu ni wa fikra: kuwa tayari kuyasumbukia mambo magumu hadi yaeleweke. Mtoto anaweza kuhudhuria kila siku na bado asiwepo kwa hisia wala kwa fikra. Kabla yao, Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester walikuwa wamefundisha kwamba moyo wa kujifunza hukua pale mtu anapopata mambo matatu: nafasi ya kuamua, imani kwamba anaweza, na watu wanaomthamini.

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisome habari hizi. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilikuwa na mwanafunzi ambaye mama yake aliuza samaki wakavu na vitunguu soko la mpakani Mpondwe. Siku moja nilimtaka aeleze shughuli za sokoni. Alisimama kwa furaha na kusema: "Kule soko, batu banauza bitu bingi." Darasa likaangua kicheko. Mimi, badala ya kukituliza kicheko kile, nilisema: "Hicho si Kiswahili." Kijana akaketi. Hakusema neno tena darasani kwangu hadi muhula ulipokwisha. Daftari la mahudhurio lilionyesha kwamba hakukosa hata siku moja, nami nikaandika katika ripoti yake: "Hana bidii ya kushiriki."

Alikuwa akizungumza Kiswahili cha majirani zetu wa Kongo, lugha inayovuka mto Lhubiriha kila siku pamoja na mizigo. Nilipaswa kumwambia kwamba katika Kiswahili sanifu tunasema "watu wanauza vitu vingi", na kwamba tayari anajua mengi kuliko wenzake. Badala yake nilimwambia kwamba alichokuja nacho kutoka nyumbani hakina thamani. Kosa hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Katika milima hii lilikwisha kuzaa mapambano ya miaka 20.

Tangu Mkataba wa Toro wa mwaka 1900, Wakonzo na Waamba wa upande huu wa Rwenzori waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Ofisi, mahakama na shule zilifuata mpangilio huo. Mtoto wa Kikonzo aliyebahatika kwenda shule alifundishwa kwa Rutooro, lugha ambayo mama yake hakuizungumza jikoni. Shule za milimani zilikuwa chache, na wazee walilalamika kwamba nafasi za masomo ya juu na misaada ya karo ziliwafikia watoto wao kwa nadra. Walilalamika pia kuhusu kodi na vyeo, lakini elimu ilirudi tena na tena katika malalamiko yao.

Kiongozi aliyekuja kuwa mashuhuri zaidi katika jambo hilo, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1954, pamoja na mwandishi wa Kiingereza Tom Stacey, alishiriki kuanzisha chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo. Jambo hilo linafaa kutafakariwa. Kabla ya kudai madaraka, mwalimu huyu alidai kwamba watu wake wana historia inayostahili kuandikwa. Mapema mwaka 1962 yeye na wajumbe wenzake, wakiwemo Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, baada ya madai yao kukataliwa. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, ilitangazwa Rwenzururu, nchi ya milimani yenye serikali yake. Mukirane alifariki mwaka 1966, naye mwanawe Charles Wesley Mumbere, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, akarithi uongozi. Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliwapa watu wa huku wilaya zao wenyewe, na mwaka 1982 Mumbere akashuka kutoka milimani kwa makubaliano na serikali ya Milton Obote. Miaka miwili baadaye alikwenda Marekani kusoma kwa msaada wa serikali.

Siwaambii haya ili kusifu vita. Vita vile viliua watu, viliwatenganisha majirani wa Kikonzo na wa Kitoro waliokuwa wakioana, na viliwafungia shule watoto wengi kuliko vilivyowafungulia. Nataka mwone kitu kimoja tu. Watafiti wa mwaka 2004 walipoandika kwamba mwanafunzi huhitaji kujiona ni sehemu ya shule yake, wakulima wa Rwenzori walikuwa wamekwisha kusema hivyo miaka zaidi ya 40 kabla yao, kwa lugha ya siasa.

Wakati huohuo Kiswahili nacho kilikuwa na hali yake ya pekee. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese ili kusafirisha shaba ya Kilembe. Wafanyakazi walitoka makabila na nchi mbalimbali, na migodini, garini na sokoni Kiswahili kiliwaunganisha. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya 1950 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika lugha zilizotambuliwa shuleni Uganda. Basi mtoto wa Kasese angeweza kusikia lugha moja nyumbani, nyingine mgodini kwa baba yake, ya tatu kwa mwalimu na ya nne katika mtihani. Shule haikuuliza anajua lugha ngapi. Iliuliza kama anaijua ile iliyotakiwa.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Kuanzia mwaka 2007 mtaala wa madarasa ya mwanzo ya shule za msingi uliruhusu watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Lhukonzo ikaingia darasani kwa heshima. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiingiza Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kukifanya lugha rasmi. Ninyi mnaosoma insha hii ni matunda ya maamuzi hayo. Ndiyo sababu ninaona aibu zaidi ninapokumbuka kile kicheko.

Heshima ya lugha ni upande mmoja wa ustawi. Upande mwingine ni usalama, na hapa historia ya Bwera ni chungu.

Januari 1997 Uganda ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Idadi ya watoto katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997. Yalikuwa mafanikio makubwa ya nchi maskini. Lakini miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walikuwa wamevuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe. Kwa hiyo mlango wa shule ulifunguliwa nchi nzima wakati ambapo familia nyingi za mpakani na za milimani zilikuwa zikikimbia makwao. Juni 1998 waasi hao walikichoma moto chuo cha ufundi cha Kichwamba katika wilaya jirani ya Kabarole, wakawaua wanafunzi wapatao 80. Takwimu za taifa zilisema watoto wamo shuleni. Hazikuwa na safu ya kuandika ni wangapi kati yao walisoma huku wakisikiliza vishindo vya nje.

Baada ya vita kukawa na maji. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuingia Kilembe na Kasese, ukaondoka na nyumba na madaraja. Mei 2020 ulifurika tena. Safari hiyo shule zilikuwa tupu, kwa sababu zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 20 Machi kutokana na ugonjwa wa korona. Ufungaji huo, ukiwa wa nusu au wa jumla, uliendelea hadi tarehe 10 Januari 2022, nao unahesabiwa kuwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Shule zilipofunguliwa, walimu tulijifunza kwamba mtoto anaweza kurudi kwenye dawati na moyo wake ukabaki ulikokuwa: shambani, sokoni, au katika ndoa ambayo hakuichagua.

Kisha ukafika usiku wa tarehe 16 Juni 2023. Waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, umbali wa kilomita kama 2 kutoka mpakani. Watu zaidi ya 40 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi, wengi wao bwenini, na wengine walitekwa. Miili ilipelekwa hospitali ya Bwera, na wazazi wakasimama nje wakisubiri kuitwa. Wengi wenu mnawajua baadhi ya wazazi hao. Sitasema zaidi ya hapo.

Ila kuna jambo moja kuhusu tarehe hiyo. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo huadhimishwa tangu mwaka 1991 kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976. Wanafunzi wale waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ambayo kwao ilikuwa lugha ya mtawala. Lugha na usalama, mambo mawili niliyoyatenganisha katika insha hii ili kuyaeleza, yalikutana Soweto katika siku moja. Yalikutana pia kwetu, kwa njia tofauti, katika muda wa miaka 60.

Sasa nirudi kwenye swali la mwenzenu. Je, mwanafunzi mwenye ustawi hufaulu zaidi?

Kuna utafiti mmoja uliofanyika hapahapa Uganda ambao unatusaidia kujibu kwa uaminifu. Ulifanyika katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero, kati ya mwaka 2012 na 2014, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Shirika la Raising Voices la Kampala lilikuwa limeandaa mpango wa kuzisaidia shule kuachana na ukatili: walimu kujadili adhabu mbadala, wanafunzi kuwa na kamati zao, shule nzima kukubaliana kuhusu tabia njema. Nusu ya shule zilichaguliwa kwa bahati nasibu kupata mpango huo kwanza, na nusu nyingine zikasubiri. Kabla ya mpango kuanza, zaidi ya wanafunzi 9 katika kila 10 walisema wamewahi kutendewa ukatili na mfanyakazi wa shule. Mwishoni, katika shule zilizosubiri, wanafunzi wapatao 49 katika kila 100 walisema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia. Katika shule zenye mpango walikuwa 31. Wanafunzi wa shule hizo walijiona salama zaidi, na ustawi wao shuleni uliongezeka.

Na alama zao? Katika majaribio ya kusoma na kuhesabu waliyopewa, hapakuwa na tofauti ya kuonekana kati ya makundi hayo mawili.

Niliposoma matokeo hayo mara ya kwanza nilisikitika. Nilikuwa nimezoea kuwaambia walimu wenzangu: "Acheni fimbo, watoto watafaulu." Ilionekana kana kwamba hoja yangu imevunjika. Baadaye nilielewa kwamba hoja yangu ndiyo iliyokuwa na kasoro tangu mwanzo. Nilikuwa nikiiuza heshima ya mtoto kwa bei ya alama. Mwenye kuuza namna hiyo lazima akubali kwamba, siku alama zisipopanda, mnunuzi ana haki ya kurudisha bidhaa na kuchukua tena fimbo yake.

Tuseme wazi pia upande wa pili. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba ushiriki na ufaulu huenda pamoja: mwanafunzi anayehudhuria, anayejiona ni wa shule yake na anayefikiri kwa kina huelekea kufanya vizuri. Lakini kufaulu kunahitaji pia vitabu, mwalimu anayelijua somo lake, darasa lisilo na wanafunzi 100, na chakula cha mchana. Mtoto asiyepigwa lakini asiye na kitabu amepata haki moja na kunyimwa nyingine. Haki ya pili haipatikani kwa kuirudisha ya kwanza.

Hapo ndipo somo letu la uraia linapokutana na saikolojia. Sheria ya watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Haikusema "inakatazwa endapo alama zitapanda". Wazazi waliosimama nje ya hospitali ya Bwera hawakuwa wakidai usalama wa bweni ili matokeo ya wilaya yawe mazuri. Hata Mukirane na wenzake, pamoja na makosa yote yaliyofuata, walitaka mtoto wao ahesabiwe kuwa mtu mzima katika ubinadamu wake, awe wa kwanza darasani au wa mwisho. Ustawi wa mwanafunzi ni haki yake. Ukileta alama, tushukuru. Usipoleta, bado tunadaiwa.

Nimalizie na yule kijana wa Mpondwe. Muhula uliofuata nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa nilikuwa nimemkosea mbele ya darasa. Kisha nikamwomba atufundishe maneno ya sokoni, nasi tukayaandika ubaoni katika safu mbili, ya kwake na ya sanifu, tukaona jinsi zilivyo ndugu. Kuanzia siku hiyo alisema. Alibishana, aliuliza, mara nyingine alikosea na kucheka mwenyewe. Mngependa niwaambie kwamba aliongoza katika mtihani wa mwisho. Hakuongoza. Alama zake zilipanda kidogo tu, na katika hisabati hazikupanda kabisa. Lakini katika ripoti yake nilifuta ile sentensi ya zamani, nikaandika: "Yupo darasani."

Maswali ya tafakuri

1. Eleza tofauti kati ya kuhudhuria na kushiriki. Toa mfano mmoja kutoka shuleni kwenu.

2. Kwa nini lugha ya kufundishia ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Wakonzo kabla ya mwaka 1962? Linganisha na madai ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976.

3. Mwandishi anasema kwamba alikuwa "akiiuza heshima ya mtoto kwa bei ya alama". Fafanua kauli hiyo, kisha ueleze kama unakubaliana naye.

4. Waulize wazee wawili wa nyumbani kwenu: walifundishwa kwa lugha gani, na ni kitu gani kiliwafanya waipende au waichukie shule? Andika majibu yao kwa Kiswahili sanifu, huku ukiyatunza maneno yao wenyewe pale yanapofaa.